Balayaji: maswali yenu kabla ya kwenda saluni

Mwezi huu nimeweka pembeni maswali mengine yote. Barua kuhusu balayaji zimekuwa nyingi, na wengi walioandika tayari wana miadi na fundi. Kazi yangu ni kupaka rangi nywele za watu, na ninachowaomba wote ni kimoja: jueni nywele zenu zimepitia nini kabla hamjamkabidhi mtu kichwa.

Shikamoo shangazi. Kila picha ninayoipenda naambiwa ni balayaji. Rafiki yangu akiiona anasema ni ombre. Saluni niliyowapigia simu wameniuliza kama nataka hailaiti. Tofauti yake ni nini hasa?

Marahaba mwanangu. Si ajabu umechanganyikiwa, maana hata mafundi wengine huyataja majina haya ovyo.

Ombre ni sura ya mwisho: juu giza, chini rangi hafifu, na mabadiliko yanashuka taratibu kwa usawa mmoja kichwa kizima. Hailaiti ni nyuzi: fundi anachota nywele chache chache kwa mkia wa kichana, anazipaka kuanzia karibu kabisa na ngozi, anazifunga kwenye karatasi ya foili, kisha anachota nyingine. Balayaji ni mkono wa fundi mwenyewe. Anashika shungi la nywele, analivuta likae imara, halafu anapitisha brashi yenye bilichi, yaani dawa ya kupausha nywele, juu ya uso wake, akianzia mbali na mizizi. Huko juu brashi inagusa tu. Ikifika kwenye ncha inashiba dawa. Mara nyingi anapaka kwa umbo la herufi V, yaani pembeni mwa shungi rangi inapanda juu zaidi, katikati inaanzia chini. Ndiyo maana huoni mstari mahali popote.

Mtindo huu ulianza kujulikana Paris miaka ya 1970, mafundi wakitumia vipande vya pamba kutenganisha nywele zilizopakwa na zisizopakwa. Siku hizi wengi hutumia plastiki nyepesi, au huacha wazi kabisa.

Hapo kwenye kuacha wazi ndipo panapowaponyoka wengi. Bilichi hufanya kazi ikiwa na unyevu. Foili inaufungia unyevu huo pamoja na joto, kwa hiyo nywele zinapauka sana. Ikiachwa wazi inakauka, na ikikauka imesimama. Balayaji ya wazi, basi, hutoa mwanga wa upole. Ukiona picha ya mtu mwenye nywele nyeusi tititi juu na karibu nyeupe chini, jua foili ilitumika hapo, au alirudi saluni mara kadhaa. Hakuna ubaya. Wapo mafundi wanaopaka kwa mkono kisha wakafunga kwa foili, na matokeo ni mazuri. Ila lazima ulijue hilo kabla, kwa sababu linabadilisha muda utakaokaa kwenye kiti, gharama, na kiasi nywele zako zitakachovumilia.

Kwa mtu anayeanza, mimi napendelea rangi isiyo mbali na yake ya asili: kahawia kwenye nyeusi, shaba kwenye kahawia iliyokolea. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Hailaiti huanza kudai kurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, mstari wa mizizi ukishajitokeza. Balayaji iliyopakwa vizuri inaweza kukaa miezi 3 au 4, wakati mwingine zaidi, na bado ikaonekana ni mtindo na si uzembe.

Dada, nina picha kwenye simu ya nywele za rangi ya majivu na ndiyo nayoitaka. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijipaka nyumbani rangi nyeusi ya pakiti. Fundi mmoja amesema atanifanyia yote siku moja. Mwingine amekataa, anataka niende kama mara tatu. Nimwamini yupi?

Mwamini aliyekataa. Tena mshukuru, kwa sababu ameacha hela ya siku hiyo ili asikuharibu.

Acha nikueleze anachokiona yeye akikutazama kichwani. Sisi hupima weusi wa nywele kwa ngazi, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 10 njano iliyopauka mno. Bilichi inapoivunja rangi ya asili, nywele nyeusi hazirukii kwenye njano. Zinapita kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano, ndipo zifike kwenye njano ile hafifu ya upande wa ndani wa ganda la ndizi. Rangi ya majivu unayoitaka inawekwa juu ya njano hiyo ya mwisho. Ikiwekwa juu ya chungwa haionekani ya majivu. Inatoa kahawia chafu ambayo utaichukia.

Hiyo ni safari ya nywele ambazo hazijawahi kuguswa. Zako zimebeba mzigo mwingine. Rangi ya kudumu ya pakiti huingia ndani ya unywele ikiwa chembe ndogo ndogo, kisha chembe hizo zinaungana na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Ukipaka rangi nyingine nyepesi juu yake, haiitoi. Rangi haing'oi rangi, na ukilishika hili moja utaepuka hasara nyingi. Inayong'oa ni bilichi, au dawa maalumu za kuondoa rangi, na hata hizo hazitoi yote kwa mara moja.

Sasa piga hesabu. Miaka miwili ni kama sentimita 24 za nywele. Kama kila ulipojipaka ulishusha rangi mpaka chini, ncha zako zina tabaka juu ya tabaka, katikati kuna pungufu, na karibu na ngozi kuna nywele changa ambazo hazina kitu. Bilichi ile ile, kwa dakika zile zile, italeta njano juu, chungwa katikati na wekundu wa kutu kwenye ncha. Fundi anayetaka kumaliza siku hiyo hiyo atafanya nini? Ataongeza nguvu. Peroksaidi tunayochanganyia bilichi huja kwa asilimia 3, 6, 9 na 12, na mwenye haraka huikimbilia ile ya juu, au hurudia bilichi juu ya nywele ambazo bado ni dhaifu. Picha unaweza kuipata jioni hiyo. Baada ya siku chache ncha zinaanza kubaki kwenye kichana.

Mara tatu alizokutajia zina maana hii: ya kwanza anatoa kiasi cha weusi na kukuacha na kahawia ya joto, yaani yenye wekundu au uchungwa, inayopendeza, unakaa nayo wiki kadhaa ukizitunza nywele, ya pili anasogea mbele, ya tatu anaangalia kama majivu yanafikika. Muulize kila hatua utaonekanaje, kwa sababu utaishi na rangi hiyo ya kati. Na akikuambia njiani kwamba nywele zimefika mwisho wake, mkubalie.

Kuna na jambo la tona. Baada ya bilichi, fundi huweka rangi nyepesi ya kurekebisha: buluu huua chungwa, zambarau huua njano. Hiyo tona ndiyo inayoleta ule ubaridi wa majivu, na ndiyo inayotoka kwanza. Kila ukiosha inapungua, na baada ya wiki 4 hadi 8 joto la chini linachungulia. Aliye kwenye picha yako alipigwa picha akitoka kuwekewa tona, pengine mbele ya taa kali, na pengine picha ikasafishwa. Mwombe fundi akuonyeshe kazi zake mwenyewe zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, na hasa za wateja walioanza na nywele nyeusi kama zako.

Swali moja ambalo hukuuliza: umewahi kupaka hina? Hina halisi, ya majani matupu, inashika sana lakini haina hatari hiyo. Zipo hina za pakiti zilizochanganywa na chumvi za madini, na hizo zikikutana na peroksaidi zinaweza kupata joto la ghafla, kufuka moshi na kuyeyusha nywele. Kama umewahi, hata zamani, iwapo kipande kilichopakwa bado kiko kichwani, sema. Fundi makini atakata kishungi kidogo kisogoni, mahali pasipoonekana, akijaribu kwenye bakuli kwanza. Asipofikiria kufanya hivyo, mwombe wewe.

Shangazi, nywele zangu ni za kipilipili. Nimeambiwa balayaji ni ya nywele za singa tu. Na nusu ya nywele zangu bado ina dawa ya kulainisha ya zamani. Niache tu?

Aliyekuambia hivyo hajawahi kuiona ikifanywa sawasawa. Nywele za kipilipili zina mikunjo, na kila mkunjo una mahali panapopokea mwanga na mahali penye kivuli. Ukiweka rangi kwa kuchagua vikunjo, kimoja hapa, viwili pale, pembezoni mwa uso na kwenye duara la juu, kichwa kinapata uhai ambao kwenye nywele zilizonyooka unautafuta kwa shida. Mimi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Ila inafanywa tofauti. Nywele za kipilipili zikikauka hujikunja na kufupika sana. Fundi akizinyoosha kwa joto, akapaka kuanzia katikati kwenda chini, halafu wewe ukaziosha na kurudi kwenye afro yako, ile rangi iliyokuwa chini itaishia mahali ambapo hakuna aliyepanga. Kwa hiyo nenda saluni nywele zikiwa kama unavyozivaa siku nyingi. Kama unavaa afro, apake kwenye afro kavu, akiangalia umbo. Kama wewe ni wa kuzinyoosha kila wiki, azinyooshe.

La pili ni nguvu. Kila pinda kwenye unywele ni mahali dhaifu, na mafuta ya ngozini hayashuki kirahisi hadi kwenye ncha, kwa hiyo nywele hizi huwa kavu hata kabla ya bilichi. Bilichi nayo inavunja baadhi ya vifungo vinavyoushikilia mkunjo. Ukiona baada ya rangi mikunjo imelegea, sababu ni hiyo, na haitarudi mpaka nywele mpya ziote. Fundi anayejua atatumia peroksaidi ya asilimia 6 au chini yake, atasubiri kwa muda mrefu zaidi, na ataridhika na ngazi mbili au tatu. Usimsukume.

Sasa hiyo nusu yenye dawa. Hapo ninasimama. Dawa ya kulainisha hufanya kazi kwa kuvibadilisha vifungo vile vile ambavyo bilichi inavishambulia. Nywele zilizokwisha lainishwa hazina akiba ya kutosha, na mahali dhaifu kuliko pote ni pale nywele asilia zinapokutana na zenye dawa. Ukiweka bilichi hapo, zinakatikia hapo hapo. Mimi sipaki, hata mteja akiniambia anakubali lolote litakalotokea.

Una njia nyingine. Unaweza kusubiri ukikata ncha kidogo kidogo mpaka dawa iishe. Unaweza kupakwa rangi ya kuongeza tu, isiyo na bilichi: kwenye weusi haitaonekana hafifu, lakini wekundu au zambarau utametameta ukiwa juani. Au, kama unasukia nywele za bandia, fundi anaweza kupaka balayaji kwenye nywele za binadamu za kushonea kabla ya kuzishona. Pale unapata sura unayoitaka, na nywele zako zimelala salama chini. Wengi hulidharau pendekezo hili. Mimi naliona ni la busara kabisa.

Kipimo cha nyumbani kwa wote wenye wasiwasi: chukua unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Ukivutika kidogo kisha ukarudi ulivyokuwa, una nguvu. Ukivutika usirudi, au ukakatika papo hapo, bilichi isubiri. Na kama umefumua misuko juzi, zipe nywele na ngozi wiki moja au mbili kabla ya miadi. Ngozi yenye vidonda au mikwaruzo haipakwi.

Mwaka jana nilipaka rangi, masikio yakawasha na kope zikavimba. Sasa nataka balayaji. Fundi anasema haigusi ngozi, kwa hiyo sina haja ya kuogopa. Ni kweli?

Ndugu yangu, ahirisha hiyo miadi leo.

Ni kweli bilichi ya balayaji hupakwa mbali na ngozi. Lakini kazi haiishii kwenye bilichi. Tona huwekwa kwenye sinki la kuoshea, na inatiririka kichwani, shingoni na nyuma ya masikio. Tona nyingi ni rangi za jamii ile ile ya kemikali zinazosababisha mzio. Kinara wao ni PPD, iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu zilizokolea. Mwili ukishaitambua kuwa adui, hausahau, na mara inayofuata huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Bilichi nayo ina chumvi za pasalfeti, ambazo kwa baadhi ya watu huleta muwasho au kubana kifua.

Kwa kawaida mteja hupakwa tone la bidhaa nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko saa 48 kabla. Kwa wewe uliyekwisha vimba, hilo halitoshi na usilifanye mwenyewe. Muone daktari wa ngozi akupime ajue ni kemikali ipi. Kuna wanaoweza kupakwa baada ya hapo kwa bidhaa zilizochaguliwa, na kuna wasioweza kabisa.

Na kama yupo msomaji aliyewahi kuwashwa na hina nyeusi ya kuchorwa mwilini, hii inamhusu pia, maana nyingi huongezewa PPD ili zikolee haraka. Uso ukivimba au pumzi ikibana baada ya rangi, kimbilia hospitali.

Mwanangu, nina miaka 61 na mvi zimenijaa mbele. Nimechoka kupaka rangi kila wiki tatu. Balayaji itazificha?

Shikamoo mama. Haitazificha, itazichanganya na nyingine zisionekane peke yake, na kwa uchovu ulionao hilo naona ni bora zaidi. Mvi hazina rangi ya asili ndani yake, hivyo hazihitaji bilichi. Fundi atang'arisha baadhi ya nywele ambazo bado ni nyeusi ili zizikaribie mvi, na pengine ataacha au kuongeza nyuzi chache za giza katikati. Tangu hapo mizizi ikiota, hakuna mstari wa kukukimbiza saluni. Mwambie tu wazi kuwa nia yako ni kuacha kufunika, ili asikuanzishie mzunguko mwingine. Na kama ile rangi ya kila wiki tatu ni nyeusi ya kudumu, soma nilivyomjibu msichana wa rangi ya majivu, mama, yatakuhusu.

Kaka hapa. Nina dredi za mabegani. Inawezekana?

Inawezekana kwenye ncha, kaka. Hofu yangu ni suuza. Bilichi hujificha ndani ya dredi na kuendelea kula polepole, kwa hiyo mchanganyiko uwe mzito usiozama ndani, na suuza iwe ndefu, dredi moja moja, hadi maji yatoke safi. Kama fundi hajawahi kupaka dredi, usiwe wa kwanza wake.

Nimeshafanya, napenda sana! Niitunzeje isigeuke njano?

Siku mbili tatu za mwanzo usioshe. Baada ya hapo tumia shampuu isiyo na salfeti na maji ya uvuguvugu. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki inatosha. Ukiitumia kila siku nywele zinafifia na kupata wingu la kijivu. Kama mng'ao wako ni wa chungwa, zambarau haisaidii, unahitaji ya buluu. Pasi ya nywele isizidi nyuzi 180 za Selsiasi, na usiipitishe bila kinga ya joto.

Waogeleaji wengi hulaumu klorini kwa nywele kugeuka kijani. Mkosaji ni shaba iliyo kwenye maji, nayo hushika zaidi nywele zilizopaushwa. Zilowanishe kwa maji safi na kondishena kabla ya kuingia bwawani, kisha zioshe ukitoka. Dawa za protini nazo zina kiasi: zikizidi, nywele hukakamaa na kukatika, na mtu hudhani anahitaji protini zaidi.

Miadi yangu ni wiki ijayo. Niende na nini, niseme nini?

Kwanza, kama hamjakutana kwa mazungumzo, omba mkutane kabla ya siku hiyo, hata kwa robo saa. Fundi anayekataa kukuona kabla hujalipa, mimi singemkalia.

Mweleze kila kilichopita kwenye nywele zako kwa urefu ulionao sasa: rangi, hina, dawa, bilichi, hata ile shampuu ya kuongeza weusi. Mwambie unaosha mara ngapi, unatumia joto kiasi gani, na unaweza kurudi baada ya muda gani. Mwenye nafasi ya kurudi mara mbili kwa mwaka hapaswi kupakwa sawa na anayerudi kila mwezi. Muulize kama tona na kukata ncha vimo ndani ya bei, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo watu wanapogombana. Tenga nusu siku, kwani kupaka kwa mkono, kusubiri, tona na kukausha huweza kuchukua muda wa saa nne au tano. Usiende na nywele zilizojaa mafuta na dawa za kushikisha.

Chukua picha mbili za unachokitaka, za watu ambao rangi yao ya mizizi inafanana na yako. Chukua na moja ya usichokitaka, na hiyo ndiyo umwonyeshe kwanza. Neno "asali" kwako laweza kuwa dhahabu na kwake likawa kahawia, lakini ukimwekea kidole kwenye picha na kusema "njano hii hapana", hapo mmeelewana.